Nyuki wa Shemeji Fanueli

Jumapili, 2 Machi

Mvua bado. Baada ya ibada nimemwamkia shemeji Fanueli mlangoni mwa kanisa, akaitikia marahaba huku anautazama mlima Shengena kana kwamba mlima ndio uliomwamkia. Nimemuuliza mume wangu Loth, kaka yake ana nini. Loth akasema, "Kaka ana viwavi." Nimecheka mpaka nikakohoa. Loth hakucheka, nikajua kuna jambo.

Jumatano, 5 Machi

Manyunyu ya kulowesha vumbi tu. Nimepanda maharage hivyo hivyo, mbishi ni mbishi.

Ijumaa, 7 Machi

Jambo lenyewe nimelijua leo. Hedwiga amekuja na kibao chake cha mbuzi alichoniazima mwaka juzi na kuninyang'anya mwaka jana, nikajua ana habari nzito, maana Hedwiga hawezi kusimulia jambo kubwa bila kukuna nazi. Yeye ndiye tuliyeanza naye kikundi cha akina mama wafuga nyuki. Mizinga yetu sita tumeitundika huku kwangu tangu mwaka jana, kwenye miti ya mpakani, juu kidogo ya mibuni ya shemeji Fanueli.

"Mama Irine," akasema, "shemeji yako anatangaza kwamba malkia wetu wanatoka mizingani mchana kweupe kwenda kutaga kwenye mibuni yake. Viwavi vinavyomlia kahawa ni watoto wa nyuki zetu."

Nikamwambia malkia hatoki mzingani ila siku anayokwenda kupandwa, au siku kundi linapohama. Hilo hata mtoto aliyeonja asali anajua.

"Hilo tunalijua mimi na wewe. Shemeji yako amemwona kwa macho yake. Na watu wanamwamini kwa sababu ya majana."

Hapo alinipata. Majana ni wale funza weupe walio ndani ya masega. Huku kwetu hakuna mtu mzima ambaye hakuwatafuna utotoni pamoja na asali. Kwa hiyo kila mtu hapa anajua kwamba nyuki huanza kama funza. Watu wa mjini wasingekosea hivi, maana wao nyuki wanamjua kwenye chupa. Sisi tumekosea kwa kujua sana.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Mvua hasa. Paa la jiko linavuja pale pale.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa shemeji Fanueli. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba nitaongea kwa adabu. Nilifika na adabu yangu, nikaimaliza yote kabla ya kukaribishwa kiti.

Alinichukua moja kwa moja hadi mibunini. Kwa kweli nilisikitika. Majani machanga yote yameliwa, mengine yamebaki kijiti cha katikati peke yake. Shemeji ameilea mibuni ile tangu enzi za baba yao. Akainua tawi, akanionyesha kiwavi kikubwa cha kijani, kinono, na kule nyuma kina pembe imesimama.

"Huu ni nini, shemeji?"

"Pembe."

"Ni mwiba. Mwiba umeshaanza kuota. Kiwavi gani mwingine umemwona na mwiba mkiani? Nyuki anao wapi mwiba wake?"

"Shemeji, nyuki hazai kwenye majani."

"Mimi nimekula majana kabla wewe hujazaliwa! Nimemwona malkia, mkubwa hivi, anavuma, anaweka mkia kwenye jani, anaondoka. Nikakuta yai. Yai likatoa kitu hiki. Unaniambia macho yangu ya nani?"

Nikamwambia macho ni yake ila maneno ni ya uongo. Nilisema hivyo kwa kaka mkubwa wa mume wangu, kwenye shamba lake. Akarudi kwenye mibuni yake. Nimerudi nyumbani na hasira, na sijui hasira hizo zilikuwa za nani.

Alhamisi, 13 Machi

Loth amesikia. Loth akiwa na jambo hukata kuni, na leo tuna kuni za kutosha harusi nzima.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa nimekaa jikoni kwa sababu sebuleni yupo Loth na sitaki kumwona.

Mkutano wa kijiji umefanyika leo. Shauri la mizinga liliwekwa la mwisho, baada ya barabara na choo cha shule, watu wakiwa wameshachoka na wana njaa. Mwenyekiti wetu Kaanaeli anapenda sana shauri linalokwisha haraka. Shemeji Fanueli alisimama akaeleza alichokiona. Hakuongeza chumvi hata chembe, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu mtu anayetia chumvi unaweza kumkamata. Kisha wengine wawili wakasema na kwao wameviona viwavi vyenye mwiba, na mwaka juzi kabla ya mizinga ya akina mama havikuwepo.

Mimi nilisimama nikasema yote ninayoyajua kuhusu nyuki. Nilisema mengi mno. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Sasa kama si nyuki, ni nini?" Nikakosa jibu. Nilisimama pale na mdomo wangu wote huu ambao Mungu amenipa, nikakosa neno. Nikakaa.

Wamenyoosha mikono. Mizinga iondolewe. Itafanywa kwa msaragambo, kila nyumba itoe mtu, Jumamosi ya tarehe 17 Mei mvua zikiwa zimepungua. Itapelekwa tambarare, kule njia ya Same, kwa sababu msituni hairuhusiwi. Kule tambarare hakuna maua miezi saba ya mwaka, na sisi wanawake wa huku hatuwezi kushuka na kupanda kila wiki. Kuipeleka kule ni kuiua, isipokuwa kwa adabu zaidi.

Nilihesabu mikono ya waliotukataa nikaacha, ni mingi. Ila mkono mmoja niliutafuta. Loth hakunyoosha upande wa kaka yake na hakunyoosha upande wangu. Alikaa na mikono yake magotini kama anapigwa picha ya kipaimara.

Amekula makande ya jana, ya baridi. Akashukuru.

Jumanne, 25 Machi

Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Nyuki hawatoki. Nimekwenda kuweka sikio kwenye mzinga wa pili, wanavuma ndani taratibu, hawana habari na vikao.

Jumanne, 1 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi jua limetoka, la kwanza kwa siku nyingi. Nina mibuni tisa nyuma ya jiko, ya kunywa sisi wenyewe. Nilikuwa natandaza maharage kwenye ungo nikasikia mvumo. Mvumo mzito, mzito kuliko wa nyuki mmoja. Nikageuka.

Alikuwa amesimama hewani mbele ya mbuni. Mnene, ana mkanda wa kahawia nyekundu tumboni, mabawa yanaonyesha upande wa pili kama kioo, yanapiga hivi kwamba huyaoni. Akashuka kwenye jani changa, akakunja mkia, akaugusa, akaruka. Jani la pili, akagusa, akaruka. Mimi nimekaa na ungo mikononi. Alipokwenda nikasogea kwenye lile jani. Yai. Dogo, la mviringo, la kijani.

Nimeona haswa alichokiona shemeji Fanueli, kitu kwa kitu.

Nikakaa kwenye maharage. Nilisema, ee Mungu, ni kweli. Ni malkia. Nimebisha wiki hizi zote na nimemwita mzee wa watu mwongo shambani kwake, na kumbe ni kweli. Niliwaza mizinga, nikamuwaza Hedwiga, nikawaza namna nitakavyoingia kanisani. Nililia, naandika wazi, nililia huku maharage yananichoma makalioni.

Kisha yule mdudu akarudi. Safari hii alikwenda kwenye maua ya mnanaa. Nikajifuta, nikatazama vizuri, maana hata hakimu humtazama mtu mara mbili kabla ya kumfunga. Nyuki akitaka ua hutua juu yake, huingia na miguu yote. Huyu hakutua. Alisimama hewani, akatoa mrija mrefu kama uzi, akanyonya kwa mbali. Na mgongoni ana manyoya ya kijani. Nyuki gani wa kijani? Na pembe zake za kichwani ni nene. Mimi nimefungua mizinga mara ngapi, nimeumwa mpaka jicho likaziba, malkia nimewaona. Huyu si wa kwangu.

Lakini kama si wa kwangu, ni wa nani?

Nimeshindwa kula. Ninachojua ni viwili: nyuki zangu hawana kosa, na shemeji Fanueli hakusema uongo. Hivi viwili vyote ni kweli na sijui vinakaaje nyumba moja.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwambia Hedwiga. Akashika kichwa. "Usimwambie mtu! Ukisema umemwona umewapa kesi!"

Nimempigia bibi shamba Blandina, yuko Same mjini. Nilimtumia picha, picha yenyewe ni ukungu wenye mkia. Akacheka kwa upole, akasema anahisi ni aina ya nondo, wapo nondo wanaoruka mchana na wanafanana na nyuki, ila kwa picha ile hawezi kuapa mbele ya kijiji.

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Hao viwavi unao?"

"Nitakuwa nao karibuni."

"Wafuge. Walishe mpaka wageuke. Kitakachotoka ndicho chenyewe, hakuna atakayebisha."

Mwanamke huyu nikionana naye nitambeba mgongoni.

Jumanne, 8 Aprili

Mayai yameanguliwa. Viwavi wawili, wadogo kama kipande cha uzi, na pembe zao tayari. Nimewaweka kwenye ndoo, chini udongo na majani makavu, juu chandarua. Loth ametazama ndani ya ndoo, amenitazama mimi, amekwenda kukata kuni.

Ijumaa, 11 Aprili

Wanakula.

Jumatatu, 14 Aprili

Wanakula kama wapiga tarumbeta harusini. Majani ya asubuhi mchana hayapo.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nilichelewa kwenye maharage, nikakimbia kurudi nikijua wana njaa. Nikakuta ndoo imejaa majani machanga mabichi, yamefutwa maji vizuri, na Loth ameinama juu yake. Amesema, "Huyu mkubwa hapendi yaliyolowa." Kumbe huwa anawapa kila siku mimi nikiwa shamba. Nimepika ndizi na nyama.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Kanisa limejaa, kwaya imeimba mpaka madirisha yakatetema. Shemeji Fanueli alikaa mbele yetu na koti lake la Pasaka. Nilitazama shingo yake ibada nzima. Mzee ameisha mwaka huu.

Jumatano, 30 Aprili

Viwavi wamekataa kula tangu juzi. Wamegeuka rangi, wakawa kama wameiva, wakawa wanazunguka ndoo bila kutulia. Leo wameingia chini ya majani makavu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimefunua kidogo. Hakuna kiwavi. Kuna vitu viwili vya kahawia, vigumu, kama ncha ya kidole gumba. Hedwiga akasema wamekufa. Nikamwambia hilo ni bundo, kiwavi hulala humo akigeuka, tulisoma darasa la sita. Akasema darasa la sita yeye alikuwa na surua.

Tarehe 17 ni wiki mbili. Blandina anasema kwa baridi ya huku inaweza kuwa wiki mbili, inaweza kuwa tatu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimewaza jambo siku nzima na nimelifanya, na Hedwiga hasemi na mimi.

Ni hivi. Mdudu akitokea kwangu, nani ataamini? Watasema Mama Irine amekamata kitu porini akakitia kwenye ndoo. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Kwa hiyo nimechukua bundo moja, nimelilaza kwenye kopo la udongo na majani, nimelifunga chandarua, nimelipeleka kwa shemeji Fanueli.

Hedwiga alinifuata nusu ya njia. "Atalikanyaga! Unampelekea adui silaha yako!"

"Basi atalikanyaga," nikasema, nikaendelea na njia.

Alikuwa barazani ananoa jembe. Nikamwamkia. Akaitikia.

"Shemeji, nimekuja na mambo mawili. La kwanza, nilikuita mwongo. Hukusema uongo. Nimemwona huyo mdudu kwangu anataga, vile vile ulivyosema."

Akaweka jembe chini.

"La pili?"

Nikampa kopo. Nikamweleza kiwavi chenye pembe ndicho kilichomo, kimelala, na kitakachotoka hakuna anayekijua, mimi wala yeye. "Kikitoka nyuki, nitaibeba mizinga mwenyewe kichwani, sitasubiri msaragambo. Kikitoka kingine, utasema wewe. Sitakuja kuchungulia. Kiweke mahali unapokiona wewe peke yako."

"Huogopi nikitupe?"

"Naogopa."

Alilipokea kopo kwa mikono miwili, kama anavyopokea sakramenti. Akasema, "Mimi nataka kujua kinachonila, Eliwaza. Sitaki nyuki zako." Hajawahi kuniita jina langu tangu niolewe.

Nimeshuka njia nzima nikijifuta macho.

Jumanne, 6 Mei

Mvua imepungua.

Alhamisi, 8 Mei

Siafu.

Wameingia asubuhi wakati tukiwa shamba, wamepanda ukutani, wamepita tundu la chandarua ambalo hata mimi sikulijua. Nimekuta gamba tupu. Loth amewamwagia majivu na maji ya moto, amewatukana kwa Chasu, lugha yetu, maneno ambayo sikujua anayajua. Tumebaki na la Fanueli tu.

Jumapili, 11 Mei

Niliahidi kutokuchungulia. Nimemtuma Loth. Amerudi akasema, "Kaka anasema kimelala."

Jumatano, 14 Mei

"Kimelala."

Hedwiga amekuja na hoja ya kuhamisha mizinga kwa siri kwa binamu yake Shighatini. Kule ni Ugweno, safari ya siku nzima, nyuki watafika wamekufa wote. Nikamwambia mizinga haitoki hapa kama imeiba. Ikitoka itatoka mchana.

Ijumaa, 16 Mei

Kimelala. Nimefua nguo zote zilizomo ndani ya nyumba hii, na zilizo safi pia.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nitaandika yote hata kalamu ikiisha.

Pembe ya kuitia msaragambo ililia mapema. Walikuja kwa makundi, wana kamba, wana panga, wana matambara ya kufukizia moshi. Nilisimama chini ya mti wa mzinga wa kwanza nimevaa gauni langu la kanisani, maana kama nazikwa nizikwe nadhifu. Hedwiga alikuwa kando yangu. Mwenyekiti Kaanaeli akatoa pole nyingi, akasema maamuzi ni ya wote, akatazama saa.

"Tuanze?"

Mtu akafunga kamba kwenye mti. Hapo Loth akatoka kwenye kundi la wanaume. Alitembea polepole, akasimama kati ya kamba na mzinga, akaweka mgongo kwenye shina.

"Mlalamikaji yuko wapi?" akauliza.

Kaanaeli akasema mlalamikaji hahitajiki, kazi ni ya msaragambo.

"Kesi ni ya kaka. Kaka hayupo. Hakuna atakayepanda mti huu mpaka kaka aje."

Miaka yote ya ndoa yetu sijamsikia Loth akisema sentensi tatu mfululizo mbele za watu. Vijana waliokuwa na kamba wakamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama saa, na Loth akabaki pale pale. Watu wakaanza kunung'unika. Nilitaka kumwambia aache, nilitaka pia kumbusu.

Ndipo mmoja akasema, "Yule kule anakuja."

Shemeji Fanueli alikuwa anapandisha njia pole pole sana, hatua kwa hatua, kama amebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni. Mkononi kopo langu. Juu yake kaweka khanga ya mkewe. Hakumsalimu mtu. Alifika katikati, akaliweka kwenye kisiki, akafunua.

Kwenye kijiti kilichosimikwa koponi alining'inia mdudu mwenye mabawa. Watu wote wakasogea. Mabawa yalikuwa ya kijivu, yamejaa unga, hayaonyeshi kitu.

"Ah!" mtu akasema. "Nondo tu huyo!"

"Siyo huyo mliyetuambia," mwingine akasema. "Yule alikuwa na mabawa ya kioo."

Na kweli hakuwa yule. Nilimtazama nikaona kila kitu kinaniporomokea. Mwili ni ule ule, wa kijani na mkanda wake, lakini mabawa si yale. Kaanaeli akakohoa. Mimi sikuwa na neno hata moja, mara ya pili mwaka huu.

"Subirini," Fanueli akasema. "Nimekaa naye tangu kunapambazuka. Ametoka kwenye gamba mbele ya macho yangu. Subirini jua limfikie."

Jua likamfikia. Mdudu akaanza kutetema. Kwanza kidogo, kisha mabawa yakapiga kwa kasi, na unga ukaanza kumtoka. Naapa mbele ya kijiji kizima kilichokuwepo: unga ulimtoka kama mtu anayekung'uta gunia, ukaelea juani, na chini yake mabawa yakabaki kioo kitupu. Ukaja mvumo. Mzito, ule ule. Watu waliokuwa mbele wakaruka nyuma wakafunika vichwa, mmoja akapiga kelele, "Nyuki!"

Fanueli hakuruka. Alikuwa ameshika kijiti kwa vidole vyake, mdudu anavuma karibu na pua yake.

"Ndiye," akasema. "Ndiye niliyemwona. Nimemtia kidole asubuhi mara kadhaa ili aniume. Hana mwiba. Ni nondo. Alikuwa kiwavi kama hivi vya kwangu, akalala kwangu, ametoka kwangu. Nyuki za Mama Irine hawajanila hata jani."

Yule mdudu akaruka. Alisimama kidogo hewani juu ya vichwa vyote, kisha akaenda zake kwenye maua yaliyo mpakani. Nilitazama mizingani, nyuki wangu walikuwa wanaingia na kutoka kama kawaida.

Hedwiga alipiga kigelegele ambacho nadhani kimesikika Suji. Akina mama wakaitikia. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja na sikuona aibu.

Kaanaeli akasema, kwa sauti ya chini, basi shauri hilo limefutwa, watu watawanyike.

"Mwenyekiti," nikasema, "sema kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."

Akasema kwa sauti.

"Na wa kule njiani."

Akasema tena, kwa sauti zaidi, na hata Loth alicheka.

Watu hawakutawanyika. Fanueli aliwageukia akasema, "Mmekuja na mikono yenu, na viwavi viko kwangu bado. Msaragambo ni msaragambo." Tumeshuka wote mibunini kwake. Tumeokota viwavi mpaka jua likasimama kati, jani kwa jani, wale wale walionyoosha mikono kunikataa, wakitia viwavi kwenye ndoo yangu. Kuku wa Fanueli wameshindwa kutembea kwa shibe.

Jumapili, 18 Mei

Nimeimba sauti ya pili leo kwa nguvu hadi mwalimu wa kwaya akanipigia ishara nishushe. Sikushusha.

Jumatano, 28 Mei

Mibuni ya shemeji imeanza kutoa majani mapya. Amekuja jioni, akakaa na Loth wakanywa chai, wakaongea habari za mvua. Alipoinuka akaniita pembeni. Ameniuliza kama ni kweli nyuki wakiwepo karibu, mibuni huzaa vizuri zaidi. Nikasema nimesikia hivyo, na nyuki wetu wanayapenda maua ya kahawa.

"Basi nitundikie mzinga mmoja," akasema. "Katikati kabisa. Ila usiniletee wale wakali."

Jumamosi, 7 Juni

Mzinga mpya umekamilika. Loth ameuchonga wiki nzima, ameupiga randa, ndani tumepaka nta ili kundi livutiwe. Kwa Fanueli kuna njia ya mkato nyuma ya zizi. Sikuipita. Nimejitwika mzinga kichwani, nikavaa khanga mpya, nikapita njia kuu, mbele ya duka, mbele ya kanisa, mbele ya ofisi ya kijiji, na Hedwiga nyuma yangu kama msafara wa bibi harusi.

Kaanaeli alikuwa ukumbini mwa ofisi na watu wake. Nikamwamkia kwa heshima zote, maana ni mkubwa kwangu. Akaitikia marahaba, akautazama mzinga.

"Mama Irine, na huo unaupeleka wapi tena?"

"Kwa mlalamikaji," nikasema, na sikupunguza mwendo.